Ndimu Mbili, Jua la Utosi, na Swali Nililojifunza Kuuliza

Michirizi mitatu ya rangi ya kahawia ilikaa kwenye mkono wangu wa kushoto kwa zaidi ya miezi minne, ikianzia kifundoni na kuishia karibu na kiwiko, na kila aliyeiona aliniuliza ni lini nilimwagikiwa na mafuta ya moto. Sikumwagikiwa na kitu. Nilikuwa nimekata ndimu mbili, nikazisugua kwenye viwiko na kwenye viungo vya vidole vilivyokuwa vimeanza kuwa vyeusi, kisha nikatoka nje kufua na kuanika nguo kwa muda wa saa nzima na ushee, jua likiwa la utosi. Siku hiyo sikuhisi lolote, na kesho yake sikuona zaidi ya mwasho mdogo. Siku ya tatu niliamka mkono ukiwaka, ngozi imekuwa nyekundu na imetoa malengelenge, na malengelenge yenyewe yalifuata njia ileile ambayo maji ya ndimu yalitiririkia nilipoinua mkono kujisugua kiwiko.

Daktari wa ngozi niliyemwendea aliitazama ile michirizi kwa nukta chache tu. Hakuuliza habari za mafuta wala za moto, bali aliniuliza swali moja: "Dada, ulishika ndimu au limau halafu ukakaa juani?"

Ganda la ndimu, na kwa kiasi kidogo zaidi maji yake, lina kundi la kemikali ziitwazo furanokumarini, na miongoni mwake zimo psoraleni. Zikikaa kwenye ngozi gizani hazina neno. Zikipigwa na mionzi ya urujuanimno ya jua, hasa ile ya aina ya A ambayo hupenya hata kioo cha dirisha, hujifunga kwenye DNA ya seli za ngozi na kuziharibu. Uharibifu huo hauumi papo hapo kama kuungua kwa moto. Huanza kuonekana baada ya siku moja hivi na kufikia kilele kati ya saa 48 na 72, ndiyo maana watu wengi hawaihusishi kabisa ndimu na kidonda chao. Kidonda kikipona, seli zinazotengeneza melanini huendelea kutoa rangi kupita kiasi, na alama hubaki kwa wiki nyingi au miezi. Mimi nilikuwa nimetumia ndimu kuondoa weusi, nikapata weusi ambao sikuwa nao.

Jambo hili si geni kwa wanaotengeneza manukato. Mafuta yanayokamuliwa kwenye ganda la bergamoti, tunda la jamii ya machungwa, yana psoraleni iitwayo bergapteni, na mwanzoni mwa karne ya 20 madaktari wa Ulaya walieleza alama za kahawia zilizokuwa zikitokea shingoni mwa watu waliojinyunyizia marashi yenye bergamoti kisha wakatembea juani, alama zenye umbo la tone lililoteremka. Leo sheria za vipodozi za Umoja wa Ulaya zinataka bidhaa za kujikinga na jua ziwe na furanokumarini chini ya miligramu 1 kwa kila kilo.

Lakini sehemu ya kisa hiki iliyonibadilisha mawazo ni nyingine. Mwaka 1948 daktari wa Misri, Abdel Monem El Mofty, alitoa matokeo ya kutumia psoraleni iliyotolewa kwenye mmea uitwao Ammi majus, pamoja na mwanga wa jua, kutibu vitiligo, yaani ugonjwa unaoifanya ngozi ipoteze rangi yake kwa mabaka. Tangu miaka ya 1970 tiba ya namna hiyo, yenye kipimo cha dawa kinachojulikana na taa za urujuanimno zinazohesabiwa kwa dakika, imetumika hospitalini kwa soriasisi na magonjwa mengine ya ngozi. Kemikali za ukoo uleule ulionichoma mimi zilikuwa zikirudisha rangi kwenye ngozi za watu wengine. Tofauti ilikuwa kiasi, muda, na mtu aliyejua anachokifanya. Tangu hapo, mtu anaponiambia kwamba kitu fulani ni cha asili, humuuliza: ni kemikali ipi iliyomo, iko kwa kiasi gani, na iko katika hali gani?

Naelewa kwa nini neno "asili" linatuvuta. Limebeba utulivu wa shamba na mikono ya wazee waliotutangulia, wakati neno "kemikali" limebeba harufu ya kiwanda. Lakini upupu ni mmea wa asili, na yeyote aliyewahi kupita karibu na maganda yake makavu siku ya upepo hahitaji kuelezwa zaidi. Mafuta yaliyomo kwenye ganda la nje la korosho ni ya asili pia, na huchoma ngozi ya wanaozibangua korosho bila kinga. Mmea hauna miguu ya kukimbia, kwa hiyo hujilinda kwa kutengeneza kemikali: za kumchukiza mdudu, za kuua kuvu, za kuzuia jua lisiunguze majani. Tunapokamua mmea na kujipaka, tunaazima silaha zake. Baadhi ya silaha hizo hutufaa sana, kwa sababu ngozi yetu nayo ina vita vyake na jua, na kuvu, na ukavu.

Kabla ya kemikali yoyote kutufaa, ni lazima ifike pale inapotakiwa kufanya kazi, na hapo ndipo matangazo mengi huanguka. Tabaka la juu kabisa la ngozi, katika sehemu kubwa ya mwili, lina unene wa takribani maikromita 10 hadi 20 tu, lakini limejengwa kama ukuta wa matofali: seli zilizokufa na kubanana ndizo matofali, na mafuta ya ngozi yenyewe ndiyo udongo unaoyashikanisha. Mwaka 2000 watafiti Bos na Meinardi walieleza kanuni ambayo wataalamu wengi huitumia hadi leo, kwamba molekuli yenye uzito unaozidi daltoni 500 hupita kwa shida mno kwenye ngozi nzima. Sasa chukua krimu inayojisifu kuwa na "kolajeni ya mimea." Kwanza, mimea haitengenezi kolajeni; hiyo ni protini ya wanyama. Pili, hata kolajeni halisi ina uzito wa daltoni 300,000 hivi, kwa hiyo itabaki juu ya ngozi ikishikilia unyevu, kazi nzuri lakini isiyo ile iliyoandikwa kwenye boksi. Nawaza vilevile kuhusu "seli shina za tufaha": seli za mmea zilizosagwa na kutiwa kwenye chupa haziwezi kuziamuru seli zetu zizaliwe upya.

Mfano wa mmea uliotimiza ahadi yake ni mwerebi. Gome lake lilitumika tangu kale kutuliza maumivu, na mwaka 1828 Johann Buchner, mtaalamu wa dawa wa Ujerumani, alitenga kutoka kwake kitu kichungu cha manjano alichokiita salisini. Mwaka 1838 Raffaele Piria aliigeuza salisini kuwa asidi ya salisiliki, na leo asidi hiyo imo kwenye nusu ya bidhaa za chunusi nilizowahi kuzishika. Inafaa kwa sababu huyeyuka kwenye mafuta, hivyo huingia kwenye vitundu vya ngozi vilivyojaa mafuta na kulegeza seli zilizokufa zinazoviziba. Kwa chunusi, bidhaa zinazouzwa bila cheti cha daktari huwa nayo kati ya asilimia 0.5 na 2. Lakini asidi iliyomo kwenye chupa karibu yote hutengenezwa kiwandani, na molekuli yake haina tofauti hata chembe na ile iliyotokana na gome. Kwa upande mwingine, bidhaa inayoandika "dondoo ya gome la mwerebi" huwa na salisini, ambayo haifanyi kazi kwenye ngozi kwa uhakika uleule. Mtu anayelipia gome kwa kuamini kwamba anaikimbia kemikali amenunua kemikali iliyo dhaifu zaidi, na pengine isiyopimwa.

Bakuchioli ndiyo kemikali ya mmea niliyoifuatilia kwa hamu kuliko zote. Hutolewa kwenye mbegu na majani ya Psoralea corylifolia, mmea unaotumika katika tiba za kale za India na China, na umaarufu wake umetokana na kulinganishwa na retinoli, ile aina ya vitamini A inayopunguza mikunjo na madoa lakini huwatesa wengi kwa ukavu na kubambuka. Mwaka 2019 jarida la British Journal of Dermatology lilichapisha jaribio la wiki 12 lililowahusisha watu 44: wengine walipaka krimu yenye bakuchioli asilimia 0.5 mara mbili kwa siku, wengine krimu yenye retinoli asilimia 0.5 mara moja kwa siku. Mikunjo na madoa vilipungua kwa makundi yote mawili bila tofauti ya kitakwimu, na waliotumia retinoli ndio waliolalamika zaidi kubambuka na kuchomachoma. Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba kwa umbo bakuchioli haifanani hata kidogo na retinoli.

Hata hivyo, nawaomba wasomaji watulie kidogo hapo. Watu 44 ni wachache, wakati retinoli na ndugu zake zina miongo mingi ya ushahidi nyuma yake. Tena tazama jina la mmea wenyewe: Psoralea. Psoraleni, zile kemikali zilizonichoma mkono, zilipata jina lao kutoka hapo, kwa sababu mbegu hizo hizo zina bakuchioli na zina psoraleni pia. Kiwanda makini huitakasa bakuchioli hadi psoraleni zisalie kwa kiasi kidogo mno, ilhali mafuta ghafi ya mbegu hizo, yanayouzwa kwenye vichupa vya kupendeza kama "mafuta safi yasiyochakachuliwa," hubeba vyote kwa pamoja. Usafi wa namna hiyo, yaani kuuacha mmea kama ulivyo, ndio unaoweza kumletea mtu malengelenge juani. Mwanamke mmoja ninayemheshimu sana aliniambia kwamba kutakasa ni kuuondolea mmea baraka zake. Sikubishana naye, ila nilimwonyesha mkono wangu.

Kwenye mafuta ya kukamuliwa ndiko ninakokaa muda mrefu zaidi, kwa kuwa ndiyo mimea tunayojipaka kwa wingi, kila siku, hata watoto wachanga. Tumezoea kuyasema kana kwamba mafuta ni mafuta, wakati kila mbegu ina mchanganyiko wake wa asidi za mafuta, na ngozi huutambua mchanganyiko huo. Mafuta ya zeituni yamejaa asidi ya oleiki, ambayo ina tabia ya kujipenyeza kwenye udongo unaoshikanisha yale matofali na kuulegeza. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, walichapisha jaribio dogo la watu wazima 19 ambamo mafuta ya zeituni yaliyopakwa mikononi kwa wiki kadhaa yaliudhoofisha ukuta wa ngozi, hata kwa watu wasio na ugonjwa wowote wa ngozi, wakati mafuta ya alizeti hayakuudhoofisha. Alizeti ya kawaida ina asidi ya linoleiki kwa wingi, na ngozi huitumia asidi hiyo kama malighafi ya mafuta inayoyatengeneza yenyewe ili kuzuia maji yasivukie nje.

Ushahidi wa alizeti ulionigusa zaidi ulitoka Bangladesh. Mwaka 2005 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika hospitalini kwa watoto waliozaliwa kabla ya wiki ya 33 ya mimba, ambao ngozi zao huwa nyembamba kiasi kwamba vijidudu hupita bila shida. Waliopakwa mafuta ya mbegu za alizeti walikuwa na uwezekano mdogo kwa asilimia 41 wa kupata maambukizi ya hospitalini kuliko wale ambao hawakupakwa. Mafuta ya kawaida kabisa, yasiyo na jina la kuvutia wala chupa ya dhahabu, yalisimama mlangoni badala ya ukuta ambao haujakamilika. Huwa nawasimulia utafiti huo watu wanaodhani kwamba mimi ni adui wa mimea.

Mafuta ya nazi ni habari nyingine. Karibu nusu yake ni asidi ya lauriki, yenye molekuli fupi inayoweza kuingia ndani ya unywele na kupunguza upotevu wa protini wakati wa kuosha, jambo ambalo mafuta ya alizeti hayakuweza yalipolinganishwa nayo maabara. Kwa nywele nayasifu bila kusita. Kwa uso wenye chunusi siyashauri, kwa sababu huziba vitundu vya ngozi kwa watu wengi. Siagi ya shea ni nzito, inakaa vizuri kwenye visigino na viwiko, na ina sehemu kubwa kuliko kawaida ya vitu visivyogeuka sabuni, ambavyo huchangia kutuliza ngozi. Jojoba wala si mafuta kwa maana ya kikemia. Ni nta iliyo majimaji, na kwa sababu hiyo hukaa muda mrefu bila kuchacha.

Skwaleni inastahili aya yake. Ngozi yetu yenyewe huitoa, takribani asilimia 12 ya mafuta ya usoni, na kwa miaka mingi viwanda vya vipodozi viliipata kwenye maini ya papa wa kina kirefu, wanyama wanaokua polepole na kuzaa kwa nadra. Leo aina yake iliyoimarishwa, skwalani, isiyochacha upesi, hutolewa kwenye zeituni, au hutengenezwa kwa kuichachusha sukari ya miwa kwa hamira iliyoandaliwa maalumu. Ukigeuza chupa na kukuta imeandikwa kwamba chanzo ni mmea, hapo neno hilo lina uzito wa kweli, kwa sababu kuna papa aliyeachwa baharini.

Sasa mshubiri, ambao naona ukipigwa picha umekatwa na kupakwa usoni moja kwa moja. Siku moja kata jani lake nene karibu na shina, lisimamishe kwenye bakuli, uliangalie kwa dakika chache. Kitu cha kwanza kutoka hakitakuwa ule ute angavu. Ni utomvu wa manjano unaoteremka kutoka chini tu ya ganda, wenye harufu kali na uchungu ambao ndio uliozaa usemi wa chungu kama shubiri. Utomvu huo una aloini, ambayo inaweza kuwasha ngozi, na jopo la wataalamu wanaokagua usalama wa viambato vya vipodozi Marekani lilishauri kemikali za kundi hilo zisizidi sehemu 50 kwa milioni. Ute wenyewe uko ndani zaidi, na zaidi ya asilimia 98 yake ni maji. Kinachobaki ni sukari ndefu zinazoshikilia unyevu na kutuliza ngozi iliyoungua kidogo. Anayetaka kutumia jani bichi basi aliache lichuruzike, alioshe, amenye ganda lote, na atumie siku ileile, kwa maana ute uliotolewa kwenye jani huanza kuharibika mapema sana.

Nirudi kidogo kwenye ndimu, kwa kuwa wengi huitetea kwa jina la vitamini C. Ni kweli kwamba asidi ya askobiki ni miongoni mwa vitu vyenye ushahidi mzuri kwenye ngozi, lakini masharti yake ni magumu: ili ipenye inahitaji kuwa katika hali ya asidi chini ya kipimo cha pH 3.5, kwa kiwango kikubwa, hadi asilimia 20, na huharibika haraka ikikutana na hewa na mwanga. Mwaka 2005 maabara ya Sheldon Pinnell wa Chuo Kikuu cha Duke ilionyesha kwamba mchanganyiko wa asilimia 15 ya vitamini C na asilimia 1 ya vitamini E uliongeza kinga dhidi ya jua mara nne, na kuongezwa kwa asilimia 0.5 ya asidi ya feruliki, kemikali inayopatikana kwenye kuta za seli za nafaka, kulifanya mara nne ziwe mara nane. Maji ya ndimu yana vitamini C chini ya asilimia 0.1, yana asidi ya sitiriki inayochoma, na yana psoraleni. Ukiona seramu yako imegeuka kutoka rangi ya maji hadi rangi ya chai, ujue vitamini yenyewe imekwisha.

Mafuta ya kunukia ndiyo ninayoyaogopa zaidi, ingawa nayapenda kwa harufu. Mengi hukusanywa kwa mvuke kutoka kwenye majani na maua, na mkusanyiko wake ni mkubwa kupita tunavyodhani: kilo moja ya mafuta ya waridi huhitaji tani kadhaa za petali. Yapo yenye kazi inayojulikana. Mwaka 1990 utafiti wa Australia uliowahusisha wagonjwa 124 wa chunusi ulilinganisha mafuta ya mti wa Melaleuca alternifolia ya asilimia 5 na dawa ya benzoili peroksidi ya kiwango hichohicho. Yote mawili yalipunguza chunusi, mafuta ya mti yakichelewa zaidi lakini yakiwasha kidogo. Tatizo huja chupa inapokaa wazi. Hewa huzigeuza kemikali zake, pamoja na linaloli ya mrujuani na limonini ya machungwa, kuwa vitu vipya vinavyoamsha mzio, na mtu akishapata mzio huo humkaa maisha yake yote. Umoja wa Ulaya hulazimisha vitu hivyo vitajwe kwa majina vikizidi asilimia 0.001 kwenye bidhaa ya kubaki mwilini, na tangu mwaka 2023 orodha yake imepanuliwa hadi zaidi ya vitu 80. Mimi huandika tarehe ya kufungua kwenye kila kichupa kwa kalamu isiyofutika, na harufu ikibadilika nakitupa hata kama kimebaki nusu.

Kuhusu vitu vya kung'arisha ngozi nitasema machache. Abutini, inayopatikana kwenye majani ya mmea wa Arctostaphylos uva-ursi, ni haidrokwinoni, kemikali kali ya kung'arisha ngozi, iliyofungwa na sukari. Haidrokwinoni yenyewe imepigwa marufuku kwenye krimu za vipodozi za Umoja wa Ulaya tangu mwaka 2001, na abutini imewekewa mipaka huko. Mtu mwenye madoa yaliyoachwa na chunusi anaweza kunufaika nayo kwa kiwango kilichopimwa. Mtu anayetaka kuibadilisha rangi aliyozaliwa nayo namsihi asifanye hivyo, kwa majani wala kwa mirija. Na hina nyekundu, ambayo rangi yake ni molekuli moja tu iitwayo losoni inayoshikamana na protini ya ngozi, ni salama kwa wengi. Ile nyeusi inayokolea kwa dakika chache aghalabu imetiwa piko, yaani rangi ya nywele yenye kemikali ambayo huacha makovu kwa wenye mzio nayo.

Swali langu la kemikali gani na kiasi gani hujibiwa kwa sehemu kwenye lebo, ukijua kuisoma. Viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi hadi kilicho kidogo, na mimea huandikwa kwa majina yake ya Kilatini: Cocos Nucifera ni mnazi, Helianthus Annuus ni alizeti, Butyrospermum Parkii ni shea. Vilivyo chini ya asilimia 1 huruhusiwa kupangwa vyovyote. Ili kujua mpaka huo uko wapi, natafuta Phenoxyethanol, kihifadhi ambacho Ulaya hakiruhusiwi kuzidi asilimia 1. Kilichoandikwa baada yake kwa kawaida hakifiki asilimia moja. Wiki iliyopita nilishika losheni yenye picha ya mmea mkubwa mbele, nikageuza, nikahesabu viambato 31, na mmea ule ulikuwa wa 28, baada ya manukato. Sikukasirishwa na kihifadhi. Bidhaa yoyote yenye maji isiyo na kihifadhi ni bwawa la vijidudu, na hilo linahusu pia yale maji ya chai ya kijani ambayo watu huyachemsha nyumbani na kuyapuliza usoni wiki nzima.

Na tafadhali, msiache krimu ya jua kwa ajili ya mafuta ya nazi au ya mbegu za karoti. Hakuna mafuta ya kukamuliwa yanayoweza kukinga ngozi na jua kwa kiwango cha kutosha, hata yakipakwa mazito kiasi gani.

Nami nimejinunulia seramu ya bakuchioli iliyotakaswa, asilimia 0.5, baada ya kusoma lebo yake mara tatu. Sikuipaka usoni. Niliipaka kwenye eneo dogo la ndani ya mkono wa kushoto, asubuhi na jioni, mahali palepale pa michirizi ya zamani ambayo sasa haionekani isipokuwa nikiugeuza mkono kwenye mwanga. Siku ya kwanza hadi ya tatu niliikagua kila saa, kwa maana najua madhara mengine huchelewa. Siku ya saba ngozi ilikuwa kama ngozi nyingine. Siku ya kumi nayo haikuonyesha wekundu wala mwasho, na usiku huo, baada ya kunawa, nikapaka tone moja kwenye shavu.